Mdakaji wa Kigingi cha Pili

Mdakaji mmoja ni sawa na mipira mingapi? Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipolazimika kujibu swali hilo, na kwa kuwa sikulijua jibu, nilisema mmoja.

Wale tuliokulia Temeke chini ya Mwingereza tunaukumbuka mchezo wa vigingi. Mwalimu wetu wa kike alitufundisha shuleni: huyu anarusha, yule anapiga kwa kibao, kisha anakimbia kuvizunguka vigingi vinne kabla mpira haujamtangulia. Mpira wa shule ulilala kabatini na ufunguo ulilala kwa mwalimu, kwa hiyo mtaani tulitumia wa matambara, ambao ulifumuka kila jioni. Tulicheza tukitoka chuoni kwa maalimu, midomo bado mitamu kwa kashata, mchanga ukituunguza nyayo, na mama zetu wakipiga kelele vibarazani kwamba tunakimbia kama wanaume. Hakuna aliyeweza kunieleza wanawake hukimbiaje.

Nyota wetu alikuwa Mwanaidi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Kazi ya kudaka aliianzia kwao, chini ya mpera: kaka yake akitupa mapera kutoka juu, yeye akiyadaka yasipondeke. Tulipomweka kigingi cha pili, mpira ukawa haupiti. Mkimbiaji alimkuta keshaudaka, keshagusa kigingi, anajikuna shingo. Mama yake alikuwa na neno moja tu: "Mikono hiyo ni ya kukunia nazi." Mwanaidi aliitikia, "Ndiyo, mama," kisha akaja uwanjani.

Mambo yalibadilika Tatu wa mtaa wa kisimani alipopata mpira wa tenisi. Baba yake alikuwa mpishi kwa Mzungu, na Mzungu alikuwa ameuchoka. Timu yao sasa ilikuwa na mpira, lakini haikuwa na wa kuudaka. Tatu akanifuata mie, kapteni.

"Nyie mna mikono, sie tuna mpira. Tupeni Mwanaidi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mfungo. Ila akiwa mbovu tunamrudisha, na mpira wetu mnaurudisha."

Nikakubali bila kumuuliza mwenyewe. Nilipomwambia, alinitazama kidogo, kisha akauliza, "Angalau unadunda?" Nikaudundisha. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda kwa Tatu.

Juma lililofuata tulicheza nao. Mwanaidi hakunisalimu, nikajua nimempoteza. Zamu yangu ilipofika nilipiga vibaya. Mpira ukapanda juu, ukashuka taratibu mikononi mwake, mpira ambao hata ajuza angeudaka. Ukamponyoka. Nikavizunguka vigingi vyote vinne, tukashinda.

"Mmetuuzia mtungi uliotoboka," Tatu akafoka. "Leteni mpira wetu."

"Jua limeniingia machoni," Mwanaidi akasema. "Nirushieni tena muone."

Wakamrushia mara tatu, mara nne. Akadaka yote kwa mkono wa kushoto peke yake, wa kulia kauficha ndani ya kanga. Tukamzomea kwa maringo yake. Tatu akaridhika, na mpira ukabaki kwetu. Tuliucheza mpaka ukanyonyoka manyoya yote.

Siku hizi wadogo zetu wana mipira ya dukani na redio za betri, na mpira ukiingia mtaroni wanasubiri mtu mzima awatolee. Ukiwaambia tuligombea mpira aliouchoka Mzungu, wanakutazama kama unayesimulia vita vya Wajerumani. Sisemi enzi zetu zilikuwa bora. Kabati la shule lilifungwa, na hatukuthubutu kuuliza kwa nini. Lakini sijamwona tena mtu anayeusubiri mpira kwa utulivu wa Mwanaidi.

Mtaa mzima uliamini Mwanaidi aliuachia kwa makusudi, kwa kutupenda sie wa kwao. Chuo kikuu kimenizoesha kutilia shaka kila kitu, na likizo iliyopita nikaitilia shaka hadithi hiyo pia. Nikaenda kumuuliza. Nilimkuta anachambua mchele, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda kama ndoana.

Asubuhi ya mechi ile alikuwa akitwanga na dada yake, na mchi wa dada ukakivunja.

"Ningewaambia kina Tatu, wangenirudisha siku ileile," alisema, bila kuacha kuchambua. "Na nyie mngebaki na matambara."