Kibao cha Jenoveva

Ukungu wa Magamba hauonekani ukija. Unautazama msitu, unainama kufunga kamba ya kiatu, ukiinua macho miti haipo. Nimefundisha chini ya msitu huo miaka kumi na tisa na bado hunishtua. Ijumaa ninayoisimulia, siku ya kuamkia mahafali ya kidato cha nne, ukungu ulikuja mapema, ukatulia juu ya mteremko ulio nyuma ya bweni la wasichana, mahali tunapopaita Mitini.

Mitini ndipo kila kidato cha kwanza hupanda. Aprili, mvua ikishika, kila mwanafunzi hupewa mche mmoja wa mkulo, mti wa asili wa msitu wetu. Huupanda, huufunga kwa waya kibao chenye jina lake lililochomwa kwa msumari wa moto, kisha huunywesha maji ya kijitoni hadi atakapomaliza shule. Siku moja kabla ya mahafali, darasa lote hupanda mteremko. Mimi husoma majina kutoka rejesta ya kwanza, ile ya siku walipofika, bila kumruka aliyehama, aliyeacha wala aliyefariki. Anayeitwa huutazama mti wake na kujibu neno moja: "Upo," au "Haupo." Anayesema "Haupo" hupewa mche mwingine aupande mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo kwaheri yetu. Keki na muziki ni vya kesho yake, mbele ya mgeni rasmi.

Mwaka huo dada mkuu alikuwa Zuhura Shekiondo, binti wa mkulima wa viazi na kabichi kutoka Malindi, ile ya huku milimani. Alifika kwetu na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani, miguuni viatu vya kaka yake. Hakuwa na akili ya ajabu, alikuwa na bidii. Aliamka kabla ya adhana, akaswali, akafagia, akasoma. Walimu tulimtolea mfano, na mimi nilizidi wote. Sasa najua kwamba kumtolea mtoto mfano kila siku ni kumzibia njia ya kukiri kosa.

Kidato cha kwanza alikaa dawati moja na Jenoveva, mtoto wa hapa hapa Magamba. Baba yake Jenoveva alikuwa kibarua wa kupanda miti huko Shume, na binti alijua udongo kama wengine wanavyojua nyimbo. Siku ya kupanda, alichimba shimo hadi likameza mkono wake kufikia kiwiko, akatia udongo mweusi aliouchota ukingoni mwa msitu. Zuhura alitaka kumaliza wa kwanza. Jembe lake lilipogonga jiwe, aliona shimo limetosha, akapanda juu ya jiwe. Miche yao ilisimama jirani, hatua tatu baina yake.

Januari ya kidato cha pili mama yake Jenoveva alipooza upande mmoja. Baba alikuwa Shume wiki nzima, nyumbani kuna wadogo wanne. Jenoveva akafunga vitabu vyake. Zuhura alimsindikiza hadi langoni.

"Uninyweshee na wangu," Jenoveva alimwambia.

"Nitaunywesha kabla ya wangu."

Na aliunywesha, hilo lazima lisemwe. Lakini jua la Februari lilikuwa kali, na mche uliokaa juu ya jiwe ukanyauka hata ulipopewa ndoo nzima. Kila Jumatatu asubuhi mimi hutangaza mstarini majina ya wenye miche iliyokufa. Jumapili moja, wenzake walipokuwa wakifua kijitoni, Zuhura alipanda Mitini peke yake. Alifungua vibao viwili na kuvibadilisha. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kuimba ubeti mmoja.

Kesho yake nilitangaza jina la Jenoveva. Hakuwapo wa kuona haya. Zuhura alijiambia kwamba hakuna aliyeumia.

Wezi wote hujiambia hivyo, lakini mti haukumruhusu kusahau. Ulikua. Ulimfika kiunoni, ukamfika begani, mwaka wa nne ukampita kimo, na majani yake yakisuguliwa mkononi yanatoa harufu ya dawa ya kifua. Aliunywesha kila jioni. Baadaye aliniambia kwamba aliupenda kuliko kitu chochote shuleni, na kwamba alikuwa akiuota. Ndotoni mti ulikuwa ukitembea barabarani kuelekea nyumbani kwa Jenoveva, umejitwika mizizi yake kichwani kama mwanamke aliyebeba kuni. Ukifika mlangoni unabisha hodi, na hakuna anayeitika. Akiamka, alisema, nywele zake zilikuwa kama zimeloa ukungu.

Ijumaa hiyo darasa lilimwalika Jenoveva. Aron, mwenyekiti wa kamati ya mahafali, ndiye aliyemtumia ujumbe. Alikuja amevaa gauni la kanisani na buti za shamba, kichwani ana tenga la karoti zenye majani yake. Alitua tenga, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Jenoveva. Umekua."

"Nimekonda, mwalimu. Wanaokua ni hawa wanaokula ugali wa bure."

Darasa likacheka. Aron akaokota karoti, akaigeuzageuza.

"Umeziosha, dada, au tule na shamba?"

"We Aron, ulikuwa unakula chaki, leo unaogopa udongo?"

Wote wakachukua, wakawa wanatafuna huku wanapanda mteremko, wakikumbushana: siku Hamisi alipolala kwenye chumba cha mtihani akaota kwa sauti, siku nyani wa msituni walipoingia jikoni na kukimbia na mwiko. Vicheko vilitangulia ndani ya ukungu, wachekaji wakafuata, mmoja mmoja, kama watu wanaoingia kwenye usingizi wa mtu mwingine. Zuhura alikuwa wa mwisho. Karoti yake alikuwa nayo mkononi, nzima.

Nilifungua rejesta. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliwasikia tu, sikuwaona.

"Aron."

"Upo!"

"Mwembamba kama mwenyewe," sauti ya msichana ikasema.

"Emanueli." Huyu alihamia Korogwe. Rafiki yake akamjibia: "Upo." "Hamisi." "Upo, mwalimu, ila umeinama. Nadhani umelala." "Husna." Huyu alifariki kidato cha tatu. Hakuna aliyecheka. Mti wake ulikuwa unadondosha matone ya ukungu, tuliyasikia yakigonga majani makavu. "Upo," wakasema wote kwa pamoja, polepole.

"Jenoveva."

Nilisikia buti zake zikitafuta njia. Zilisimama mahali fulani kushoto kwangu, penye kijiti kikavu na kibao chenye jina lake. Akasema bila machozi, "Haupo."

Hapo ndipo Zuhura alipotambua, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba aliyeumia alikuwa na sauti. Majina kumi na saba yalibaki kabla ya lake. Angeweza kunyamaza. Neno moja lilitosha, na kesho angesoma risala mbele ya mgeni rasmi, baba yake akiwa ameketi safu ya mbele amevaa kanzu mpya.

"Zuhura."

Nikaita tena.

"Zuhura Shekiondo!"

"Mti upo, mwalimu," alisema. "Ila si wangu."

Akaeleza yote. Hakulia wala hakujitetea, hata jua la Februari hakulitaja. Aliposema alivyovibadilisha vibao, mtu mmoja ndani ya ukungu alisonya. Mwingine akasema, "Dada mkuu? Huyu huyu aliyetuandika majina kwa kuchelewa kufagia?" Sikumnyamazisha, maana alikuwa na haki ya kuuliza.

Jenoveva akaja. Alizunguka mti mara moja, akaupapasa shina, akavunja jani na kulinusa.

"Zuhura, unajua mama yangu huniuliza nini kila Jumapili?" alisema. "Hawezi kutembea. Ananiuliza, mti wako wa shuleni upo? Aron alishaniambia sokoni kwamba umekufa. Ningemwambiaje? Nikawa namdanganya. Upo, mama, umerefuka, mama. Mwaka juzi nikamdanganya, mwaka jana nikamdanganya. Leo nimekuja kuupanda upya, angalau uongo wangu upungue."

Kisha akaanza kucheka, kicheko cha ghafla, chenye hasira ndani yake.

"Kumbe nilikuwa nasema kweli! Mwizi we, umenifanya mkweli bila mimi kujua."

"Nisamehe," Zuhura alisema.

"Nitakusamehe. Si leo. Leo nakuchukia kidogo, niache nimalize."

Nikamwambia Zuhura avirudishe vibao kwa mkono wake, maana aliyefunga uongo ndiye anayepaswa kuufungua. Waya ulikuwa umeshika kutu na kuuma gome, akajikata kidole, akaendelea. Kisha akaniuliza kama aache kusoma risala. Nilimjibu kwamba risala ni ya darasa, aisome. Na yeye mwenyewe amwambie baba yake usiku huo huo kwa simu yangu, kabla mzee hajasikia kwa mwingine. Alimwambia. Sikusikiliza alichojibiwa.

Kanuni ya kutangaza majina Jumatatu sikuifuta. Lakini tangu hapo, kabla ya kutangaza, nachimba kwanza nione mche umekufa kwa uvivu au kwa jiwe.

Pale Mitini, vibao vilipokwisha kurudishwa, dada mkuu akachukua jembe. Alichimba pembeni ya lile jiwe, akachimba hadi shimo likameza mkono wake kufikia kiwiko. Jenoveva alisimama juu yake mikono kiunoni, akimwelekeza kwa Kishambaa, kwa ukali, kama mama mkwe. Mche aliopewa Zuhura ulikuwa na majani matano. Katika mteremko mzima wenye miti inayowapita watu vimo, hapakuwa na mdogo kuliko huo, na ulikuwa na jina la mwanafunzi aliyekuwa anaondoka kesho.

"Nani atauangalia?" Zuhura aliuliza, akiwa bado amepiga magoti kwenye matope.

Jenoveva alikuwa ameshajitwika tenga tupu. Ukungu ulikuwa umemchukua hadi mabegani, akabaki kichwa na tenga.

"Mimi napita hapa kila siku ya soko," alisema. "Nitaunywesha kabla ya wangu."

Akageuka. Tukazisikia buti zake zikiteremka mteremko, kisha sauti yake ikarudi kutoka kwenye weupe ule:

"Na kibao chako sitakigusa!"