Ufunguo Uko kwa Komeo

Wifi yangu ni fundi wa sare za shule. Mtoto akipita tu mbele ya kibanda chake, yeye ameshajua kiuno chake na urefu wa sketi bila kugusa futi ya kupimia. Wa kwake mwenyewe hakujaliwa. Kaka yangu alipofariki, nyumba ikabaki na sauti ya cherehani peke yake, na wifi akaanza kuzungumza na nguo. Nilimsikia kwa masikio yangu akiigombeza kola. Kwa hiyo aliposema anataka kuchukua mtoto wa watu amlee, sikumpinga. Nilimwambia tu kwamba huko hakuna kufumua ukikosea. Akanicheka.

Watu wa ustawi wa jamii hawakupi mtoto hivi hivi, lazima kwanza ufundishwe. Nilimsindikiza kwenye hayo mafunzo, maana mimi kwa umbea sijambo. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, na mbele yetu alisimama afisa, mama wa makamo mwenye sauti nzuri ya kusomea taarifa redioni. Alileta mwanasesere aliyekatika mkono, akatuonyesha namna ya kumwogesha. Mwanasesere yule hakulia, hakuuma mtu, hakukojoa kitandani. Tukafundishwa makundi ya vyakula. Tukafundishwa kuzima moto kwa blanketi lililolowa. Wifi akanyoosha mkono.

"Samahani, afisa. Mtoto akinikataa, nifanyeje?"

"Mtoto hamkatai anayempenda, mama," afisa akajibu, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Maswali mengine aliyasogeza mpaka mwisho, na mwisho ulipofika, mwenye ukumbi alikuwa ameshaanza kukusanya viti vyake.

Tulichotoka nacho kilikuwa hiki: mtoto usimdadisi mambo yake ya zamani, na usimpokonye kitu kwa nguvu. Unapotoka nyumbani, muage kila siku kwa maneno yale yale ili azoee: "Narudi sasa hivi, mwanangu." Tulirudia maneno hayo sote kwa pamoja, watu wazima wenye mvi, kama darasa la kwanza. Kisha afisa akakunja uso. "Na mlango usifungwe kwa ufunguo mtoto akiwa ndani. Nikikuta umefungwa, namchukua mtoto siku hiyo hiyo, na mlezi huyo hapewi mwingine."

Nikiukumbuka ukumbi ule mpaka leo napandwa na hasira.

Mtoto aliletwa shule zikiwa zimefungwa. Msichana wa umri wa kung'oka meno ya mbele, mwembamba, mpole wa kutisha. Alikula alichopewa, alioga alipoambiwa, hakulia hata mara moja. Jambo moja tu nililigundua mapema: hakukaa mahali ambapo haoni mlango. Wifi alimshonea gauni la maua kabla hajamaliza kunywa chai, na lilimkaa vizuri utadhani alizaliwa nalo. Niliona namna wifi alivyokuwa akimtazama kwa pembe ya jicho, nikajua huyu kashanaswa, hachomoki tena.

Asubuhi moja uzi uliisha. Wifi akachukua pochi, akainama mbele ya mtoto kama alivyofundishwa, akatamka kwa sauti ya upole: "Narudi sasa hivi, mwanangu."

Mtoto alitembea mpaka mlangoni, akazungusha ufunguo, akauchomoa, akautia kwenye soksi. Kisha akauegemea mlango kwa mgongo na kumkodolea macho wifi. Wifi alicheka kwanza. Akabembeleza. Akaahidi pipi, akaahidi kiatu kipya. Ule ufunguo wa akiba uliokuwa juu ya kabati ulikuwa umeshatoweka, wala hatujauona mpaka leo. Jua lilikuwa limepanda juu kabisa mtoto alipofungua mwenyewe, bila neno, wifi akiwa ameshavua viatu na kukata tamaa ya uzi.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Wifi, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri, hakuacha kuaga. Si aliambiwa mtoto azoeshwe? Alivyozidi kuaga ndivyo mtoto alivyozidi kufunga mapema, mpaka ikafika hatua wifi akigusa pochi tu, mlango unalia kwa! Mimi nikambandika mtoto jina la Komeo. Alilikubali. Nadhani alilipenda.

Wifi alijaribu kwenda naye kibandani. Komeo akamshushia mlango wa bati mteja akiwa ndani, mwalimu mkuu mzima, na sketi ya majaribio kiunoni juu ya suruali, maana alikuwa anampimia mkewe wanayelingana umbo. Yule mwalimu hajarudi tena. Wifi akahamishia kazi yote nyumbani. Wateja wakawa wanapimwa dirishani, wamesimama nje, naye anapenyeza futi kwenye nondo. "Inua mkono. Geuka. Usipumue." Wakiuliza kulikoni, anawaambia kitasa ni kibovu. Na mimi ndiye niliyekuwa napitisha mkate na vitunguu hapo hapo kwenye nondo, nikijiona kama nimekuja kumwona mfungwa.

"Nenda ustawi ukaseme," nilimwambia siku moja, uso kwa uso na nondo kati yetu.

"Nikaseme nini? Kwamba mlango wangu unafungwa kila siku mtoto akiwa ndani? Hujamsikia yule mama? Watamchukua hata kabla sijamaliza sentensi."

"Basi mpokonye huo ufunguo. Wewe ndiye mkubwa."

"Tulikatazwa kutumia nguvu." Alinisogelea na kushusha sauti. "Na halafu, wifi, nimeshajaribu. Juzi nilimshika mguu. Alikojoa pale pale, anatetemeka. Sitarudia tena."

"Muulize basi anaogopa nini."

"Tulikatazwa kumdadisi."

Nilisonya mpaka jirani akatokeza kichwa. Kila upande alioguswa alikuwa na katazo lake. Alikonda, macho yakaingia ndani, na usiku hakulala akihofia hatua za mtu nje. Hakuwa na hofu nyingine duniani ila hiyo moja, kwamba Komeo angechukuliwa. Nilimwonea huruma, na nilimwonea hasira pia, maana mtu anaweza kutii mpaka akajimaliza.

Afisa alikuja bila taarifa, asubuhi, ndani ya saa za mlango kufungwa. Mimi nilikuwa naanika nguo za wifi uani. Ulimi wangu haujawahi kuniangusha.

"Aa, afisa, karibu! Bahati mbaya fundi katoka na mtoto."

Cherehani ikaunguruma ndani.

"Na hiyo?" afisa akauliza.

"Panya," nikasema. Bora ningenyamaza.

Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akashika kitasa, kikagoma. Akaja dirishani na uso umebadilika. Wifi alisimama upande wa pili, kipande cha kitambaa cha buluu mkononi, na nyuma yake Komeo alikuwa amejibanza mlangoni.

"Fungua mlango, mama."

"Siwezi. Ufunguo anao yeye."

"Mtoto? Mtoto mdogo hivi anakufungia ndani, wewe mtu mzima?"

"Kila asubuhi."

"Na hukuniambia?"

"Ulisema ukikuta mlango umefungwa unamchukua," wifi akasema. "Ningekuambiaje, dada yangu? Ningeanzia wapi?"

Afisa akauliza ilianzaje. Wifi akamweleza, kama mtu anayesomea mtihani: anachukua pochi, anainama, anamtazama mtoto machoni, anamwambia yale maneno. "Narudi sasa hivi, mwanangu. Kama ulivyotufundisha. Sijaruka hata siku moja."

Nilimwona afisa akiishika nondo.

"Mama yake," alisema kwa sauti ya chini, ili mtoto asisikie, "alimfungia ndani akamwambia hivyo hivyo. Narudi sasa hivi. Akaenda moja kwa moja, asirudi. Majirani walidhani wamesafiri wote. Mlango niliuvunja mimi mwenyewe, na nilipomtoa alikuwa anakataa kuondoka, anasema mama kasema anarudi sasa hivi."

Wifi alikikunjakunja kile kitambaa cha buluu.

"Ulijua," wifi akasema mwishowe.

"Nilijua."

"Ulijua, ukanifundisha nimwambie hayo kila asubuhi?"

"Mafunzo ni ya watu wote, mama. Ukumbini sikujua nani atapewa mtoto gani. Na habari za mtoto ni siri, mlezi hapewi mpaka amalize muda wa majaribio."

"Yaani mimi nimejaribiwa na ninyi, naye kajaribiwa na mimi!" Wifi alipiga ngumi ukutani. Sijapata kumwona hivyo, hata msibani kwa kaka yangu. "Kila asubuhi nimemtia kisu mtoto huyu kwa mkono wangu, na tabasamu juu! Neno moja tu ungeniambia. Moja!"

Afisa hakujitetea. Aliomba aingie. Wifi akamgeukia Komeo. "Mfungulie aingie. Mimi sitoki." Komeo alifikiri, akavua kiatu, akatoa ufunguo, akafungua upenyo wa mtu mmoja aliyekonda. Afisa akapita kwa ubavu. Mimi nikajipenyeza nyuma yake kwa sababu ningekufa kwa kutojua. Kwa! Mlango ukafungwa nyuma yetu, ufunguo ukarudi kwenye soksi, na sasa tukawa wafungwa watatu na askari mmoja.

Afisa alichuchumaa. Alitabasamu. Aliimba wimbo wa kunawa mikono. Alitoa pipi kwenye mkoba, Komeo akaipokea, akaila, akabaki pale pale. Aliongea kwa ile sauti ya redioni mpaka ikaanza kukwaruza. Ndipo simu yake ikaita. Kumbe kulikuwa na walezi wapya wanamsubiri ukumbini, na mkubwa wake alikuwa anauliza yuko wapi.

Alitutazama. Akautazama mlango. "Nimekwama, bosi," akasema. "Hapana, si... ndiyo. Ndiyo, gari limeharibika."

Alipokata simu, wifi alikuwa anamwangalia bila kupepesa.

"Mbona hukumwambia kweli?"

Afisa alijibwaga sakafuni na sketi yake ya ofisi. "Angeniona siiwezi kazi," akajibu. Nilitaka kucheka, nikaona si mahali pake.

"Unamchukua?" wifi akauliza. Ilikuwa wazi wazi sasa, mbele ya mtoto, na Komeo aliacha hata kutafuna.

"Kanuni inasema nimchukue."

"Nakuuliza wewe."

"Nikimtoa hapa atakwenda kwa mtu mwingine niliyemfundisha mimi," afisa akasema. "Simchukui."

Wifi akaishika cherehani. Lakini Komeo hakusogea. Alishaahidiwa mengi na watu wazima waliochuchumaa. Basi tukakaa. Jua lilihama kutoka kwenye kitanda mpaka kwenye kabati. Wifi alimaliza shati moja. Hewa ilikuwa nzito, mgongo uliniuma, na nilielewa kwa mara ya kwanza siku za wifi zilivyokuwa, namna kuta zinavyosogea.

Mwishowe afisa alisimama, akajikung'uta, akamwendea Komeo. Safari hii hakuchuchumaa wala hakutabasamu. Alikuwa amechoka tu.

"Mimi natoka," akasema kwa sauti ya kawaida. "Leo sirudi. Kesho pia sirudi. Siku nyingine nitakuja, lakini sijui ni lini."

Komeo alimpandisha na kumshusha kwa macho. Kisha akainama, akatoa ufunguo, akafungua mlango, akamwachia nafasi apite. Afisa alitoka bila kugeuka, akijifuta uso kwa kiganja. Komeo akamtazama mpaka alipokunja kona. Akafunga tena, sisi ndani, akarudisha ufunguo mahali pake.

Nikamgeukia wifi nikitaka kumpongeza. Mtoto kabaki, nilichokuwa nacho moyoni ni vigelegele. Lakini wifi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kitambaa cha buluu.

"Umeona, wifi? Yule kasema harudi, kaaminiwa." Akauonyesha mlango kwa kidole. "Mimi nitarudi. Kila siku nitarudi. Hiyo nitaisemaje?"

Nilikaa pembeni yake. Komeo alitutazama kutoka mlangoni, mmoja baada ya mwingine, kisha kwa mara ya kwanza tangu aletwe akauacha mlango, akaja kukaa katikati yetu, ameupa mgongo.