Boma la Light

Nipe darasa lisilo na vitabu, nami nitafundisha hata kwa kuni. Ndivyo nilivyojidai nilipopata kazi katika shule moja ya msingi karibu na Rongo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, bila kusomea ualimu. Tulikuwa wengi siku hizo. Watu walituita yutii, na mwalimu mkuu alilitamka jina hilo kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na hasira za karibu.

Darasa langu la nne lilishindwa kabisa na Kiingereza. Ukiandika *light* ubaoni, wanasoma "ligihiti". Mmoja akaniuliza, "Madam, hizo *g* na *h* zimekaa humo ndani za nini, kama hazisemi kitu?" Swali zuri. Nikamkemea.

Jioni nilichana mfuko wa simiti, nikaugeuza upande safi, nikachora boma. Watoto wote pale walijua boma la Mjaluo linavyopangwa. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazama lango. Wake wengine wanafuata, na vijana wa kiume wanajenga karibu na lango, mkubwa akitangulia. Kwa mikayi nikaandika *light*, kwa mke wa pili *right*, kwa wa tatu *night*. Wana wao wakawa *fight*, *sight* na kitinda mimba *tight*. Ukoo mmoja, mkia mmoja. Misemo nikaiweka nje ya lango, wageni waliokuja kutembea: *see the light*, *put up a fight*, *sit tight*. Huyo wa mwisho niliwafafanulia vizuri: kaa hapo hapo ulipo, usihangaike, subiri.

Wee! Darasa liliwaka. Watoto waliokuwa wanasinzia sasa walibishana nani mkubwa kwa nani. Nami nikatunga sheria: kusoma kunaanzia kwa mikayi, na hakuna kumruka mtu. Kwetu ndugu mdogo hajengi kabla ya mkubwa wake. Akijenga, chira, laana ya kuvunja mwiko, inamshika, anakonda hadi mbavu zinahesabika. "Asiyesikia la mkuu!" nilipaza sauti, nao wakajibu, "Huvunjika guu!" Nilijiona mjuzi kweli kweli.

Sheria hiyo niliitoa nyumbani. Kaka yangu, anayenitangulia kwa miaka miwili, alikuwa ameshindwa mtihani wa kidato cha nne mara mbili na alikuwa akijiandaa kuufanya tena. Mimi nilikuwa nimepita. Nilipotaja chuo cha ualimu, baba alisema, "Utamrukaje ndugu yako? Ngoja aingie yeye kwanza." Nikangoja mwaka wa kwanza, nikangoja wa pili. Mdomo wangu wote huu, mbele ya baba niliufyata.

Ndipo tukaambiwa inspekta anakuja. Mwalimu mkuu alininong'oneza kwamba akipendezwa na somo langu, ataniandikia barua ya kunipendekeza chuoni. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Barua ya serikali! Nisingehitaji kubishana na baba. Ningemwekea tu mezani, niondoke.

Inspekta alikuwa mtu wa Pwani, mpole, Kiswahili chake kimenyooka hadi tukaona haya kufungua midomo yetu. Watoto walilisoma boma kuanzia kwa mikayi hadi langoni bila kukwama, naye akatabasamu. Kisha akachukua fimbo yangu, akaiweka juu ya *tight*, akamwonyesha msichana mmoja mdogo wa mbele, kichwa chepesi kuliko wote darasani.

"Soma hili, mwanangu."

Kimya. Akahamisha fimbo hadi *night*. Kimya. Msichana alinitazama mimi. Nikamtolea macho nikimaanisha soma, soma, jamani! Lakini mtoto yule aliyajua macho yangu kwa maana moja tu: thubutu uone. Akainamisha kichwa. Inspekta akajaribu wengine watatu, na wote wakawa vile vile.

"Hawa hawasomi, Mwalimu," alisema bila ukali. "Wanaimba." Akaandika hivyo kwenye daftari lake. Barua sikupata. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Watoto walipotoka nilimwita yule msichana nyuma ya darasa. Nilikuwa nachemka. Nikachora chini kwa kijiti: *tight*.

"Soma!"

"*Tight*."

Nikaandika *bright*, neno ambalo halikuwamo bomani.

"*Bright*," akasema, hata hakufikiri.

"Ala! Mbele ya inspekta ulikuwa bubu kwa nini?"

Machozi yalimlenga. "Nilikuwa naijua, Madam. Nilikuwa nangoja wakubwa wapite."

Hasira zote ziliniisha, nikamwonea haya mtoto wa miaka kumi. Nilimfuta uso kwa kanga yangu, nikamwambia hakukosea, mimi ndiye niliyekosea. Nilirudi ndani nikabandua boma langu ukutani.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta baba kando ya ghala akipachika mpini wa jembe. Kaka alikuwa amekaa mlangoni pa simba yake, ile nyumba ya kijana iliyo karibu na lango, na vitabu vyake vya zamani magotini.

"Baba, naomba kwenda chuo mwaka huu. Barua sina. Nakuomba wewe."

Hakuinua uso. "Na ndugu yako?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo, wakati ndilo jibu lake la siku zote. Kisha nikamsikia kaka akifunga kitabu.

"Baba, mwache apite," alisema. Hakupaza sauti. "Mimi nimechoka kungojwa."