Kopo la Mgeni

Juzi nilikuwa napanga stoo ya jikoni kwangu, Kasulu, na kopo la mchele mzuri nikalisukuma nyuma kabisa ya rafu. Harufu ya mawese na dagaa ikanirudisha nyumbani Kibondo, mchana mmoja wa mvua.

Mama alikuwa akipanga stoo na jirani yetu, mke wa mwalimu aliyehamia kutoka Dodoma, ambaye alijua Kiswahili tu. Jirani akapandisha kopo la mchele rafu ya juu, akasema, "Hili la mgeni. Lisiguswe."

Sisi nyumbani tuliongea Kiha, na kwa Kiha umugeni ni bibi harusi. Msichana mkubwa mle ndani alikuwa mmoja tu, dada Dafroza, aliyenibeba mgongoni tangu nikiwa mchanga. Alikuwa akipepeta maharage, chwa, chwa, kama vile hakuna jambo. Nikamshika kanga yake, nikaangua kilio.

"Unalia nini wewe?"

"Usiende! Mama ameshakuwekea mchele!"

Jirani alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. Dada naye alicheka. Mama peke yake hakucheka. Aliendelea kufunga vifuniko.

Baadaye Dafroza aliolewa Mabamba. Siku aliyorudi kututembelea mara ya kwanza, alivua viatu akaelekea jikoni kama zamani. Mama akamzuia mlangoni.

"Kaa upumzike, mwanangu," akasema, kisha akapanda juu ya kigoda, akalishusha lile kopo.