Mkwe Nyuma ya Banda la Josho

Nzau wa Kioko alipofeli mtihani wa mifugo mara ya kwanza, alilia. Mara ya pili alikasirika, akaitupa kofia yake kwenye matope, halafu akarudi kuiokota kwa sababu hakuwa na nyingine. Mara ya tatu hakufanya lolote. Alirudi Ruiru kutoka Thika kwa miguu, akaosha ndoo za maziwa, akakamua, akala, akalala. Watu wa kambi ya shamba la kahawa walisema Nzau safari hii amepoa haraka. Hakuwa amepoa. Alikuwa amekufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi hamsumbui jirani, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kitu.

Alikuwa Mkamba wa upande wa Kilimambogo, mrefu, mpole kupita kiasi, ameandikwa na Mzungu mmoja kuwaangalia ng'ombe wa maziwa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakikuyu waliulizwa pasi kila kona, na mashamba yakajaa watu waliotoka mbali. Nzau alijua kuogesha ng'ombe, kudunga sindano na kumvuta ndama aliyekwama. Lakini bila cheti hayo yote yalikuwa kazi ya boi. Mwenye cheti aliitwa msaidizi wa daktari. Alipewa baiskeli na mkoba wa dawa, akazunguka mashamba, na watu wakasimama kumngojea. Nzau alikitaka cheti hicho kuliko kitu chochote alichowahi kutaka, ukimtoa mkewe Ndila. Na hata Ndila alimpata kwa jina la cheti hicho, maana siku ya kupeleka mahari wajomba wa msichana walijipiga vifua wakisema, "Binti yetu anaolewa na daktari."

Daktari mwenyewe akafeli mara moja, akafeli mara mbili. Mara ya kwanza kalamu ilimkwama mbele ya Kiingereza. Mara ya pili alichanganya vipimo, akampa kondoo wa kwenye karatasi dawa ya kumuua fahali. Jirani yake, Bedan Wainaina, aliyekuwa mshika kamba wa shamba, mtu wa kuwashikilia ng'ombe wakitibiwa, alimbandika jina: Daktari Kesho.

"Haiya, Daktari Kesho! Wewe nasoma mpaka kichwa itatoa moshi," Bedan alikuwa akimwambia. "Lakini usijali, bwana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Methali hiyo aliambiwa na kila mtu. Ilifika mahali Nzau akawa anajiuliza mhunzi anahitaji kuvunja koleo ngapi kabla hajakubali kwamba kazi yake ni kuchunga mbuzi.

Sasa mara ya tatu. Hiyo ndiyo yenye kisa, na kisa chenyewe Nzau hakumwambia mtu.

Karatasi aliimaliza vizuri. Siku ya pili ilikuwa ya vitendo, katika yadi ya mifugo pale Thika. Watu wa karibu walikuwa wametangaziwa walete wanyama wagonjwa watibiwe bure na hao watahiniwa. Mwalimu hana haja ya kutafuta ugonjwa penye ng'ombe wengi, ugonjwa huja wenyewe. Miongoni mwa waliokuja alikuwamo mama mmoja wa makamo, mjane, aliyekaa na mwanawe kwenye shamba la mkonge ng'ambo ya mto. Ng'ombe wake alikuwa na jicho bovu, basi. Lakini wakati wa kungoja walimfunga karibu na tita la majani mabichi ya lusani yaliyokatwa asubuhi, yangali na umande. Ng'ombe alikula kama aliyealikwa harusini. Jua halijapanda sana tumbo lake likaanza kuvimba, ubavu wa kushoto ukainuka hadi ukapita mgongo, na pumzi ikawa ya kuhesabu.

Mkaguzi, daktari Mzungu mwenye masharubu mekundu, aliona mtihani umejileta. "Nzau," akaita, akamkabidhi kile chuma chenye ncha kilichovikwa mrija, kinachotobolea tumbo ili hewa itoke. "Nenda unawe mikono, umtoboe. Haraka."

Nzau alikipokea. Alijua mahali. Angeweza kuuchora ubavu ule akiwa amefumba macho. Akapiga hatua kuelekea umati, na hapo akaisikia sauti ya yule mama akimbembeleza ng'ombe wake, na akamwona ng'ombe mwenyewe: mweupe mwenye mabaka mekundu, pembe moja imepinda kuelekea sikio. Ng'ombe huyo alimfahamu. Yeye mwenyewe alimswaga kutoka Kilimambogo, miaka miwili nyuma, kuwa mahari ya Ndila. Basi yule mama alikuwa mama mkwe wake.

Kwa Wakamba jambo hilo lina jina lake, nthoni, na si mchezo. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwingine apite. Hamtaji jina, na mimi pia silitaji hapa, kwa heshima ya Nzau. Dawa ipo: mkwe hupeleka mbuzi na blanketi, wazee wakala, na kuanzia siku hiyo wawili hao wakawa mama na mwana. Nzau alikuwa hajapeleka. Alisema atapeleka akishapita mtihani.

Basi miguu yake ikafanya ilivyofundishwa tangu utotoni. Ikageuka. Ikampeleka nyuma ya banda la josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa, na hapo akasimama uso ukiwa umeelekea mbao, chuma kimo mkononi. Mkaguzi alidhani amekwenda kunawa. Wakangoja. Kisha wakaita. Nzau aliwasikia wakimwita na hakuitika, kwa sababu angeitika na yule mama angeijua sauti yake. Aliusikia umati ukipiga kelele, akasikia kishindo, akajua ng'ombe ameanguka. Walipomkuta na kumnyang'anya kile chuma, kilichokuwa kimoja tu pale yadini, mkaguzi mwenyewe alikimbia akatoboa, lakini hewa ilitoka katika mzoga.

"Uliogopa damu?" mkaguzi alimuuliza.

"Hapana, bwana."

"Sasa ni nini?"

Nzau alitazama viatu vyake. Kumtaja mama mkwe mbele ya wageni kulikuwa aibu juu ya aibu. "Sikuweza, bwana," akasema. Mkaguzi akaandika kitu chake, akaita mwingine.

Baada ya wiki kadhaa Ndila alikwenda kumsalimu mama yake, akarudi amevimba macho. "Ng'ombe wetu amekufa mbele ya madaktari," alisema. "Majirani wanasema mmoja wao alikimbia na chuma. Mtu gani huyo? Wewe ulikuwa kule, hukumwona? Mama anasema tu amekufa, hataki kusema zaidi. Kama ningemjua ningemtemea mate." Nzau alikuwa akichonga mpini wa jembe. Aliendelea kuuchonga. Alingoja moyo ufanye kitu, nao haukufanya, na jambo hilo lilimshangaza kidogo.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda. Waliofeli mara tatu walikuwa wameambiwa wazi kwamba ya nne ndiyo ya mwisho, na asiyepita atabaki kuwa mshika kamba hadi uzeeni. Nzau alisoma kwa sababu alikuwa amezoea kusoma, kama mtu anavyokata kuni hata akiwa hana cha kupika. Alisoma mchana, ng'ombe wakiwa malishoni, amekalia debe la maziwa chini ya mti wa mgrevilea. Maneno yaliingia, yakakaa, wala hakuyafurahia.

Jumapili Ndila alimsaidia. Hakujua kusoma, lakini kitabu kilikuwa na picha ya ng'ombe aliyechorwa ubavu, na yeye aliweka kidole popote, Nzau akataja kilichomo ndani na magonjwa yake.

"Hapa?"

"Moyo."

"Hapa?"

"Figo. Hapo ikiumwa, anakojoa damu."

"Na hapa?"

Kidole kilikuwa kwenye ubavu wa kushoto, lile shimo dogo kati ya mbavu na nyonga. Kila Jumapili Ndila alifika hapo, na kila Jumapili mumewe alinyamaza, mpaka mwanamke akaamua kwamba hiyo ndiyo sehemu ngumu ya mtihani.

"Hapo ndipo wanapokufelisha, eeh?" alimuuliza kwa huruma.

"Hapo hapo," Nzau akasema.

Mficha uchi hazai, husema Waswahili, lakini Ndila alishika mimba, tena ya kwanza. Ikabidi mama yake aje kumlea siku za uzazi. Nyumba za kambi zilikuwa chumba kimoja, pazia katikati, na katika chumba kimoja hakuna kichaka cha mkwe kujificha. Ndila hakuzunguka. "Mtihani utangoja," alimwambia. "Mtoto hangoji. Peleka mbuzi."

Nzau alipeleka mbuzi na blanketi hadi kule kwenye shamba la mkonge, akiwa na mjomba wake wa kumsemea. Alikwenda bila hofu. Hofu nayo ilikuwa imekufa ganzi pamoja na mengine. Mbuzi akachinjwa, wazee wakala, maneno yakasemwa, na yule mama akatoka nje na kuketi mbele yake. Kwa mara ya kwanza Nzau akauona uso wake kwa karibu. Ulikuwa uso wa Ndila, umechomwa na jua zaidi. Sasa ninaweza kukutajia: jina lake lilikuwa Mbithe.

Wazee walipokwenda kumalizia kibuyu chao, Mbithe alivuta kigoda karibu.

"Ndila hajui," alisema.

"Hajui, mwaitu." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo.

"Mimi niliijua miguu yako. Ng'ombe alipokwisha kuanguka nikageuka, nikaiona chini ya mbao za lile banda."

Nzau alisema, "Ilikuwa nthoni."

"Nthoni gani?" Mbithe akapandisha sauti, kisha akaishusha. "Unafikiri mimi sikulelewa? Walipoliita jina lako tu, nilijifunika leso kichwa kizima, nikageukia ua. Nilisema moyoni, mkwe wangu ni mtu wa adabu, nimpe nafasi apite afanye kazi. Nikasimama hivyo, nimefunikwa, nikikungoja. Nilimsikia ng'ombe akianguka nikiwa bado nimegeuka."

Nzau alimtazama.

"Wewe ulikuwa umegeukia wapi?" Mbithe akauliza.

"Ukutani."

Mbithe alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Basi," akasema. "Sisi wawili na adabu zetu." Akainuka kwenda kutazama moto.

Njia nzima ya kurudi mjomba alisifu nyama ya mbuzi. Nzau alikuwa akiwaza leso tu. Angegeuka mara moja tu achungulie pembeni ya banda, angemwona mama amefunikwa na njia iko wazi.

Mtihani wa nne ulikuja Mbithe akiwa tayari kule kambini, na mtoto wa kiume amezaliwa. Karatasi ilikuwa karatasi. Kwenye yadi, mkaguzi alikuwa yule yule, na masharubu yake.

"Leo utakimbia?" alimuuliza.

"Hapana, bwana. Yule ng'ombe alikuwa wa mama mkwe wangu."

Mkaguzi alikunja uso akijaribu kuona jibu liko wapi katika maneno hayo, hakuliona, akamletea punda mwenye jipu kwenye ukwato. Nzau aliinua mguu, akaukwangua ukwato, akalipasua jipu, akaosha, akafunga. Mwenye punda alikuwa bibi mmoja mnene aliyemsimamia kichwani akimpa maagizo, na Nzau alimtazama usoni akimwambia asogee.

Majina yalisomwa kwenye veranda, na lake likasomwa. Wenzake walimrusha juu. Alipotua alingoja furaha imfikie, kama mtu aliyepiga kelele bondeni akingoja mwangwi. Haikuja. Akakunja cheti, akapanda lori la mkonge lililokuwa likienda Ruiru.

Bedan alikuwa wa kwanza kumwona. "Haiya! Daktari Leo!" akapiga kelele, akakimbia kutangaza nyumba kwa nyumba. Ndila alikuwa mtoni na nguo. Mbithe alikuwa ameketi mlangoni, mjukuu amelala pajani.

"Nimepita, mwaitu."

Mbithe alimsogeza mjukuu vizuri pajani. "Kwa hiyo sasa unajua."

"Najua."

"Hebu nionyeshe. Yule ng'ombe wangu. Ungemtoboa wapi?"

Nzau alipiga magoti mbele yake, akainua shati, akagusa ubavu wake mwenyewe wa kushoto, penye ulaini, chini ya mbavu. "Hapa."

Mbithe alinyoosha mkono juu ya mtoto, akaweka kidole chake pale pale. "Hapa?"

"Hapo."

"Hapa tu?"

"Hapo tu, mwaitu. Mara moja."

"Na angepona?"

"Angesimama. Angeanza kula."

Ndipo kilio kikamtoka Nzau, kilio cha mwaka mzima, kikubwa na cha aibu, hata Bedan aliyekuwa akirudi na watu wa kumpongeza akasimama njiani asijue afanye nini. Mtoto akashtuka akaanza kulia naye. Mbithe alimtikisa mjukuu kwa goti, akimnyamazisha, na kidole chake hakukiondoa.