Kilichobaki Juu ya Chekeche

Robinah Nambozo amechekecha udongo kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza anauonaje. Humuuliza tu kama amemaliza.

Kazi yenyewe ni hii. Mifuko ikifika katika maabara ndogo pale Thongpiny, mjini Juba, yeye huimwaga kwenye masinia, huuanika udongo siku tatu, huuponda kwa mchi, kisha huupitisha kwenye chekeche lenye matundu madogo. Unaopita chini hupelekwa kupimwa. Kinachobaki juu, mawe na mizizi, hutupwa. Fomu ina nafasi ya kuandika uzito wa vitu hivyo vinavyotupwa, lakini tangu aajiriwe hajaona mtu akiijaza. Udongo waliozoea hutoka tambarare, Gudele na kandokando ya mto, na humo hata kokoto ya kumtupia kuku huipati. Kwa hiyo watu wakazoea kuipita nafasi ile kama mtu apitavyo kaburi la asiyemjua.

Alikuja Juba kutoka miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Uganda. Alikaanga chapati mtaani Hai Amarat, akafua mashuka ya hoteli, akaosha chupa za maabara, na mwisho akakabidhiwa chekeche. Aliyemkabidhi ni Dancan, mkuu wa maabara, Msudani Kusini aliyekulia Nakuru kwenye ukimbizi na kurudi nyumbani na diploma. Dancan alimfundisha fomu. Robinah naye alimfundisha Dancan kuukamua udongo mbichi kiganjani na kungoja kuona unafanya nini.

Mwezi wa nane, Pitia, dereva, alileta mifuko arobaini kutoka milima ya Imatong. Shirika moja lilitaka kuhamishia huko familia sitini zilizochoka kuishi kambini. Msitu ungefyekwa, mahindi yangepandwa, nyumba zingejengwa papo hapo mlimani. Kilichosubiriwa ni ripoti ya udongo tu, ifikapo Ijumaa. Malori yangeondoka Jumatatu.

Robinah akafungua mfuko wa kwanza, na mikono yake ikasimama. Harufu ile aliijua. Ni harufu ya majani yaliyooza juu ya majani, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo jua halifiki na maji ya mvua hayakauki. Kisha akatazama vizuri, na moyo ukaanza kumchemka. Udongo mweusi na udongo mwekundu vilikuwa vimekorogwa pamoja.

"Pitia, mwanangu, hii nyeusi ilikuwa naenda chini namna gani?"

Pitia akanyoosha vidole. "Shibiri moja tu, mama. Juu yake majani, unakanyaga kama godoro. Chini yake nyekundu, inang'ang'ania jembe. Halafu jiwe bovu, linateleza kama sabuni."

"Na mteremko?"

"Mteremko!" Pitia akacheka. "Nilichimba nimejifunga kamba kwenye mti. Ningeachia, ungenipokea hapa Juba."

"Sasa kwa nini umekoroga?"

"Karatasi ilisema chimba sentimita thelathini, koroga, funga. Mimi ni dereva, mama."

Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya mashamba ya tambarare, na hakuna aliyejisumbua kuandika nyingine. Udongo ulipokauka, Robinah alichekecha mfuko wa kwanza, akaweka mabaki kwenye mizani. Karibu nusu ya mfuko ilibaki juu ya chekeche: mawe yenye kona, mizizi minene kama vidole, na mizizi laini kama nywele za mtoto mchanga. Akachekecha wa pili, na wa tatu. Hali ilikuwa ile ile. Akachukua kalamu, akaanza kuijaza ile nafasi.

"Anti, hiyo wachana nayo," Dancan alisema akipita. "Hakuna mtu hujaza hiyo. Santino wa lile shirika amenipigia simu tangu asubuhi. Tumalize hii maneno."

"Mimi hapana maliza. Hii ndiyo nashika mlima, wewe nataka mimi tupa?"

"Anti Robinah..."

"Usiniambie Anti! Kama mtu analala kitandani, wewe natoa miguu ya kitanda, napima godoro, nasema kitanda mzuri?"

Hasira yake haikuwa ya siku ile. Alipokuwa msichana, bwana mmoja mwenye karatasi alifika kijijini kwao akamwambia baba yake kwamba udongo ule ni dhahabu. Baba akafyeka. Mwaka wa kwanza mahindi yalimea hata punda angejificha ndani. Mwaka wa pili yakapungua, maana rutuba ya msitu imo kwenye majani yanayoanguka. Ukiondoa miti, umeondoa jiko na mpishi, na mvua inaosha vyungu vilivyobaki. Lakini njaa siyo iliyowaua. Visiki vilikaa ardhini, na mizizi yake ikaoza polepole, bila mtu kuona. Mwaka wa nne mvua ikanyesha siku tatu. Maji yakazama mpaka kwenye jiwe bovu, yakakosa pa kwenda, na mlima ukavua udongo wake kama mtu avuavyo nguo. Dada yake alikuwa ndani ya nyumba. Robinah alimchimba kwa mikono. Yule bwana wa karatasi hakurudi, wala hakuna aliyemtafuta.

Ijumaa alasiri Santino, msimamizi wa mradi, aliingia na shati lililopigwa pasi na funguo za gari mkononi.

"Dancan, ndugu yangu, nimeona namba za mwanzo. Rutuba juu kabisa! Piga sahihi, kalas, tumalize."

"Mwaka nne," Robinah alisema kutoka kwenye masinia.

"Nini, mama?"

"Mahindi itakuwa mzuri mwaka moja, mbili. Wewe utapiga picha. Halafu mizizi naoza, na mlima nashuka juu ya watoto. Wakati hiyo wewe uko na mradi ingine."

Santino akatabasamu kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Malesh, samahani mama. Wewe ni mtaalamu wa udongo?"

"Hapana. Mimi ni mwenye kuchimba maiti." Akalisukuma sinia la mawe na mizizi hadi mbele ya funguo zake. "Kama iko salama, anza na mama yako. Jenga yeye nyumba pale juu, mimi nitaleta nyasi ya paa."

Santino akamgeukia Dancan. "Wewe ndiye mwenye sahihi, siyo yeye. Familia sitini zinanipigia simu kila siku. Niwaambie nini?"

Dancan alizitazama fomu. Zote arobaini zilikuwa zimejazwa, kwa mwandiko mnene wa Robinah. Akakaa. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mkataba unaoisha Desemba. Akaandika chini ya kila fomu: *Tabaka zimechanganywa. Mteremko haukupimwa. Mahali hapa pasijengwe.* Kisha akatia sahihi, moja baada ya nyingine, huku Santino akizichezesha funguo.

Jumatatu malori hayakuondoka. Mwezi mmoja baadaye familia zilipelekwa mbali na mlima, bondeni, kwenye ardhi pana yenye udongo wa kawaida na miba mingi.

Kutoka huko alifika mwanamke mrefu, Akot jina lake, akaulizia maabara mpaka akaipata. Alisimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi.

"Ni wewe mama uliyetunyima mlima?"

"Ni mimi."

"Kule kulikuwa na maji! Kulikuwa na kivuli! Udongo mweusi kama kitako cha sufuria! Sasa nang'oa miba na mgongo wangu umekufa. Nani alikupa ruhusa ya kutuchagulia?"

Robinah angeweza kumweleza habari za mizizi na jiwe bovu. Lakini mlima ulikuwa umesimama wima huko ulikosimama, na miti yake yote juu, naye hakuwa na ushahidi wa kitu ambacho hakikutokea. Akamvutia kiti, akammiminia maji ya kunywa.

"Kaa, dada yangu. Kunywa kwanza. Kisha nitukane. Nitukane mpaka uzeeke."