Bomba Lisiloenda Kokote

"Vyuma chakavu! Masufuria mabovu! Betri mbovu!" Kila spika ya yule mnunuzi wa vyuma inapopita mtaani kwetu hapa Kyela mjini, mimi huacha ninachofanya nikaenda kusimama mlangoni, mikono kiunoni. Juu ya mlango huo nimetundika kipande cha bomba la alumini, kifupi kama mwiko, kilichozibwa upande mmoja kwa udongo wa mfinyanzi. Hakiuzwi. Nimeshamwambia yule kijana, na kesho nitamwambia tena, maana hasikii. Mvua ikinyesha, udongo ule hutoa harufu ya chungu kipya, na nikisogeza pua karibu nasikia bado petroli. Hapo mawazo yananirudisha kijijini kwetu Mwaya, mwaka ule ukoo mzima ulipotaka kuigeuza ndege ya mama yangu kuwa masufuria.

Ndiyo, ndege. Chekeni kwanza, tumalizane. Mama alikuwa fundi wa ndege mwenye leseni, na baba alikuwa rubani. Walinunua ndege kuukuu ya injini moja iliyotelekezwa na mnunuzi wa kakao, wakaifufua polepole kwenye banda la mabati, kando ya uwanja wa nyasi ambao ng'ombe waliuona ni wao. Baba akaugua, akafariki. Matanga hayajapoa, baba mkubwa, kaka yake baba, akaanza kuizunguka ndege akiigonga ubavuni kwa kidole, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Mjane na ndege, wapi na wapi?" akasema. "Alumini yote hii!"

Mama akamjibu kwamba labda wamkate yeye kwanza.

Wazee wa ukoo wakakata shauri. Jumamosi, mbele ya watu wote, Mama aiwashe ndege na ingurume kwa nguvu zake zote mpaka wazee waseme basi. Isipozima, ni ya Mama. Ikizima, wanunuzi wa vyuma waje na shoka. Baba mkubwa alikubali haraka mno, kwa sababu kijiji kizima kilishajua kwamba ndege ile ilikuwa imeanza kuzimazima.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kutia wazimu. Ukiiwasha inawaka vizuri, inanguruma, halafu ukiikazia moto inakohoa na kunyamaza. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi, nilipandishwa juu ya bawa kufungua kifuniko cha tangi na kuchungulia. Petroli ipo tele. Mama anaiwasha tena, inawaka kama haijawahi kuugua! Alifungua plagi akazisugua moja moja. Akasafisha kabureta, akabadilisha chujio, akakinga petroli kwenye chupa kutazama kama ina maji. Haina. Usiku alikuwa hali, anakoroga wali tu kwenye sahani.

Mtu pekee aliyekuwa upande wetu ni Bibi, mama yake baba, Mkisi wa Lyulilo aliyefinyanga vyungu tangu usichana wake. Kila jioni alikuja bandani na kanga yake kuipangusa ndege, akiisemesha. "Ndaga, mwanangu," aliiambia, yaani ahsante, na mimi nilidhani uzee umemwingia, kuishukuru ndege.

Jumamosi ikafika. Watu walijaa, wengine na vigoda vyao. Ndege ikawaka, ikanguruma, nyasi zikalala, nami nikaanza kushangilia. Ikakohoa. Ikazima.

Baba mkubwa alicheka mpaka akashika magoti. "Leteni shoka!"

"Thubutu!" Mama akateremka, uso umelowa jasho, sauti haitetemeki hata kidogo. "Mlisema Jumamosi. Jua lile pale, halijazama. Mwenye haraka akalale."

Akanipandisha bawani. Nilipozungusha kifuniko, ikasikika: fyuuu! Huenda siku zote ilikuwa hivyo, ila siku hiyo hakuna aliyepumua.

"Atu, umesikia nini?" Mama akaniuliza kutoka chini.

"Inanyonya, mama. Kama chupa ukiinywa bila kuitoa mdomoni."

Mama akasimama kama aliyepigwa kofi. Kisha akakimbilia chini ya bawa, palipo na kijibomba chembamba cha kuingizia hewa kwenye tangi. Petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo inakwama. Na sisi kila tukifungua kifuniko kuchungulia tulikuwa tunaipa ndege pumzi, ndiyo maana ilituhadaa. Akachokoa kwa waya. Kibonge cha udongo kikamdondokea mkononi. Akakitazama, akafumba ngumi.

"Nyigu!" akapaza sauti. "Nyigu wamejenga humu!"

Kila mtu anawajua nyigu na nyumba zao za udongo, basi wakaguna kukubali. Ndege ikawashwa. Jamani, ilinguruma! Kofia ya baba mkubwa iliruka ikaenda kutua kwenye jaruba la mpunga, na hakuna aliyemfuatia. Wazee walisema basi, Mama akajifanya hasikii.

Wiki iliyofuata Mama alifanya jambo ambalo sikulielewa. Alifunga kipande cha bomba kwenye nguzo ya bawa, pale pale chini ya kile kijibomba, na kwenye kijibomba chenyewe akaweka wavu mdogo wa waya. Bomba lile halikuunganishwa na kitu chochote. Ndege ikiwa bandani analifunga, ikitaka kuruka analichomoa. Nikiuliza kazi yake, ananiambia nikachote maji.

Bibi alipofariki, mimi nikiwa tayari fundi, Mama alinipa bomba lile. Nikalitazama vizuri. Kwenye udongo ulioliziba upande mmoja kulikuwa na alama ya kidole gumba. Nyigu hana kidole gumba.

"Kumbe ulijua?" nikamuuliza.

"Siku ile ile. Tangi likijaa na jua likiwaka, kijibomba hudondosha matone. Bibi yako akaona chungu cha mwanawe kinavuja."

"Sasa si ungemwambia?"

"Mbele ya shemeji yangu? Angesema hata mama mzazi ameikataa ndege, ameiziba pumzi kwa mkono wake. Na baadaye nimwambie asiishike? Ndicho kitu alichobakiwa nacho cha mtoto wake. Nikampa lake la kuziba, la kukinga matone yale."

Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia msibani.

Ndege bado iko Mwaya na inaruka, fundi wake ni mimi. Na jana yule kijana wa vyuma alisimamisha toroli tena, akanyoosha shingo.

"Dada, lakini bomba lenyewe haliendi kokote."

"Ndiyo," nikamwambia. "Haliendi kokote."